Godoro la Sufi na Chaza wa Mtoni

Mjukuu wangu Rehema kanionyesha picha kwenye simu yake. Ni nyie vijana wa Tegeta na wenzenu wa Mbezi Beach, mmesimama ufukweni na glavu mikononi, magunia ya chupa za plastiki mbele yenu, meno yote nje. Chini ya picha mmeandika: "Kazi imekwisha, ufukwe ni safi." Nikamuuliza Rehema, nani kasema imekwisha? Akanijibu, "Babu, si unaona mwenyewe?" Nikanyamaza, maana nilikuwa na kikombe cha chai mkononi na sikutaka kugombana na aliyeipika. Lakini neno lile limenikaa kifuani tangu juzi. Kaniambia kama nina la kusema niliandike, atawasomea kwenye mkutano wenu. Haya, naandika. Msije mkasema mzee ana maneno mengi, mmeyataka wenyewe.

Mie nilikuwa mzoa taka. Nilistaafu zamani, na magoti yangu yalistaafu kabla yangu. Watu wa Temeke waliposikia nafanya kazi bandarini walidhani nashusha mizigo, nami niliwaacha wadhani hivyo, maana siku zile za Ujamaa kijana wa kubeba gunia la sukari begani alitazamwa vizuri kuliko kijana wa kuopoa maganda ya viazi majini. Kikosi chetu kilikuwa cha watu wachache. Tulikuwa na boti moja yenye injini ya kukohoa, na tishari moja. Tishari ni chombo kipana cha chuma kisicho na injini, kinavutwa tu. Letu lilikuwa na tangi kubwa tumboni, na juu ya tangi mdomo wenye mfuniko wa kukazwa kwa skrubu.

Meli ikifunga gati huja na taka za namna mbili. Kuna taka za jikoni, hizo zinanuka lakini hazina hila. Halafu kuna maji machafu ya chini ya injini, yaliyochanganyika na oili. Hayo ndiyo yenye hila. Tuliyapokea kwa mpira mnene, yakaingia kwenye tangi la tishari, kisha tukayavuta kwenda kuyapakua nchi kavu. Kazi yenyewe ni hiyo. Ukiifanya vizuri hakuna anayejua kama upo.

Aliyenifundisha alikuwa serahangi wetu, yaani mkuu wa chombo, Mzee Kombo, mtu wa Mafia. Mfupi, mkavu, kofia yake ya kufuma haitoki kichwani. Hakuwahi kunipigia kelele, na hiyo ndiyo ilikuwa shida yake, kwa sababu mtu anayekukemea unajua ameshamaliza. Siku moja mpishi wa meli moja ya kigeni alimwaga ndoo ya matumbo ya samaki ubavuni, ikatuangukia sie wote na boti yetu. Mie nikaanza kutukana Kimakonde. Mzee Kombo akayaokota matumbo yale moja moja, akayatia kwenye kapu, akapanda ngazi ya meli mpaka jikoni kwao, akayaweka juu ya meza ya mpishi, akasema kwa Kiswahili safi kabisa, "Umeangusha." Akashuka. Meli ile haikumwaga tena hata ganda la yai.

Kila asubuhi Mzee Kombo aliandika kwa chaki kwenye mlango wa kibanda cha boti: mwezi mosi, mwezi pili, mwezi tatu. Ni tarehe ya mwezi wa angani hiyo. Mie nimezaliwa Newala, juu kabisa, kule ambako mama zetu walishuka bondeni kutafuta maji na kurudi jua limeshachoma. Sikujua kama yako maji duniani yanayoondoka na kurudi yenyewe. Wiki yangu ya kwanza nilitumwa nifunge mtumbwi gatini. Nikaufunga vizuri, kamba fupi, fundo la kukaza, nikaenda kula. Tuliporudi maji yalikuwa yamepwa, mtumbwi unaning'inia ukutani kama mbuzi kwa muuza nyama. Wenzangu walicheka mpaka wakakaa chini. Mzee Kombo hakucheka. Alinipeleka kwenye mlango wa kibanda, akaniwekea kidole kwenye chaki.

"Mwezi ukiandama, na mwezi ukiwa mpevu, ndipo maji yanajaa sana na kupwa sana. Hilo ni bamvua. Siku hizo kamba hailali. Maji yanashuka, nawe unailegeza. Yanapanda, unaivuta. Umesikia, mtu wa Newala?"

"Nimesikia, mzee."

Nilisikia kweli. Ndiyo maana sina kisingizio kwa haya yanayofuata.

Nilikuwa nimeposa. Binti aliitwa Zuhura, na mama yake, Bi Somoe, alikuwa mjane mwenye nyumba ya udongo kule Mtoni, karibu na mikoko. Bi Somoe aliishi kwa chaza. Maji yakipwa alishuka na kisu chake kifupi na kapu, akawabandua chaza kwenye mizizi ya mikoko, akawachemsha, akawauza sokoni Temeke. Chaza hao ndio waliomlea Zuhura. Bi Somoe alikuwa mwanamke mnene, mwenye sauti ya kuita mtu aliye ng'ambo ya mto, na mie nilimwogopa kuliko nilivyomwogopa mkuu wa bandari. Kwa adabu za kwao, na kwetu pia, mkwe hali chakula mbele ya mama mkwe. Nikienda kwake, nilikaa barazani, nikasema shikamoo huku nimetazama chini, nikanywa maji nimegeuka ukutani.

Alikuwa ameshamtengenezea Zuhura godoro la harusi. Nyie mnalala kwenye sponji, hamjui godoro lilikuwa nini. Lilikuwa la sufi, ile pamba laini nyepesi inayotoka kwenye matunda ya msufi. Kitambaa chake cha milia alikipata baada ya foleni nyingi, maana miaka ile kitambaa kilikuja dukani kama mgeni, leo yupo, kesho hayupo. Sufi yenyewe aliichambua kwa mikono, mbegu moja baada ya nyingine, msimu mzima. Godoro lilisimamishwa kwenye pembe ya chumba, limefunikwa kanga, na kila mgeni aliyeingia alionyeshwa.

Basi, Ramadhani ikafika ishirini na tisa. Jioni ile tishari lilikuwa limefungwa gatini Kurasini, tangi limejaa oili chafu ya meli iliyokuwa inajiandaa kuondoka. Zamu ya kukesha na kamba ilikuwa yangu. Mfuniko wa tangi nilikuwa nimeulegeza skrubu ili kesho yake tupakue haraka. Ikasikika redioni, ikapokelewa na watu gati zima: mwezi umeandama! Kesho Idi!

Nanyi mtaniambia, si uliambiwa? Mwezi ukiandama ni bamvua. Kila Idi ya mfungo ni bamvua, haijawahi kukosa tangu dunia iwe dunia. Lakini nawaapia, mwezi ule mie niliuona wa Idi tu. Sikuuona wa bahari. Nilikuwa na kilo mbili za sukari, nimezipangia foleni tangu alfajiri ya juzi yake, na nilitaka zifike kwa Bi Somoe zikiwa mkono wangu wa Idi kabla mtu mwingine hajatangulia. Nikasema moyoni, nakwenda narudi. Nikakaza kamba nne fupi fupi, ili tishari lisicheze, nikatia sukari kwapani, nikaenda Mtoni.

Kule nikapokelewa kama mfalme. Bi Somoe akapiga kigelegele cha sukari. Zuhura akanichungulia kwenye pazia. Nikaambiwa subiri kidogo, mara maandazi, mara wajomba wanakuja, mara nimsindikize kaka mmoja kwa fundi nguo akachukue kanzu. Nilipokumbuka tishari nikajiambia kamba ni mpya. Nikaenda kulala chumbani kwangu Temeke, tumbo limejaa.

Asubuhi tukasali Idi, tukaenda kwa Bi Somoe kupeana mikono. Mie nimevaa kanzu nyeupe ya kuazima. Hatujakaa sawasawa, mwanamke wa jirani akaja mbio kutoka mikokoni, kanga mkononi, anapiga kelele: "Jamani! Jamani mto umekuwa mweusi!"

Nilijua kabla hata sijasimama.

Tukashuka wote. Maji yalikuwa yanapwa, na kila yanaposhuka yanaacha utepe mweusi kwenye mizizi, unang'aa. Kaa wadogo walikuwa wamekaa kimya juu ya tope. Harufu ilikuwa ile ile ya tishari langu, ningeitambua hata usingizini. Baadaye tulijua mambo yalivyokwenda. Maji yalishuka usiku, kamba zikagoma kushuka nayo, tishari likaning'inia ubavu mmoja, mfuniko ukafunguka, oili ikamwagika. Kisha kamba tatu zikakatika, chombo kikakaa sawa kama vile hakijafanya kitu. Maji yalipojaa tena yakaibeba oili ile mpaka huku Mtoni, yakaiweka mlangoni kwa mama mkwe wangu.

Watu wakaanza kusema. "Ni ile meli! Imeondoka alfajiri, imetumwagia uchafu wake ikakimbia!" Kila mtu akaitikia. Meli ilikuwa imeshafika mbali, haina mdomo wa kujitetea. Bi Somoe akaitukana meli na nahodha wake na mama wa nahodha. Nami, jamani, nikaitikia. Nikasema, "Watu hawa hawana haya."

Mzee Kombo akafika na boti, kanzu yake ya Idi ameikunja mpaka magotini. Akanitazama. "Zile kamba ulizilegeza jana?"

"Ndiyo, mzee."

Lilitoka lenyewe. Akasema, "Haya," akaanza kushusha vitu.

Alikuwa amechukua maboya yote ya zamani ya kuvaa, yale yaliyokuwa yamechakaa stoo. Akayachana kwa kisu. Ndani yake sufi. Akatueleza kwamba miaka ya nyuma boya moja lilimwangukia ndani ya tangi la maji machafu, alipolitoa lilikuwa zito kama kondoo, na maji pale lilipokuwa yameachwa yakiwa meupe. Sufi inakunywa mafuta na maji inayakataa. Ukiitia kwenye gunia lililofumwa wazi inaelea, inanyonya, unaikamua kwenye pipa, unairudisha kazini. Vyombo vya kuzingira mafuta mnavyoviona sasa bandarini, vyekundu virefu, sie hatukuwa navyo.

"Maji yatageuka mchana," akasema. "Yakigeuka yatayanyanyua mafuta haya na kuyapeleka kila mzizi wa mto huu. Tuna saa mbili tatu. Na maboya yangu yamekwisha. Nani ana mto wa kulalia?"

Wanawake wakatazamana. Halafu mmoja akapandisha kwao akarudi na mito miwili. Mwingine akaleta minne. Siku ya Idi, watu wamevaa nguo mpya, nyumba nzima nzima zinaleta mito ya vitanda vyao. Mzee Kombo akawa anatoa amri kwa sauti yake ndogo. Msikanyage tope, mkikanyaga mnayazika mafuta ndani na hayatoki miaka, tandikeni makuti mpite juu. Kuna aliyeleta sabuni ya kuoshea mizizi, akazuiwa: sabuni inayayeyusha tu yazame kwa chaza, huyaoni lakini yapo. Mizizi tuifute kwa makumbi ya nazi, kutoka juu kwenda chini, taratibu. Haya yote yaandikeni, yatawafaa kuliko hadithi yangu.

Mito ikaisha, na weusi bado ulikuwa umelala mbele yetu. Nikasikia watu wanapisha njia. Nikainua macho. Bi Somoe anakuja, kalitwika lile godoro.

Akalitua juu ya makuti, karibu yangu kabisa. Kanga ya kulifunikia akaivuta akajifunga kiunoni. Akatoa kisu chake cha chaza. Zuhura alikuwa nyuma yake, analia bila sauti. Bi Somoe akachoma kisu kwenye kona ya kile kitambaa cha milia.

Nikashindwa. Nilitaka kunyamaza, nawaambieni ukweli, nilijitahidi sana kunyamaza.

"Mama, usikate."

"Ebo! Kwa nini nisikate? Nitalalia godoro nile nini?"

"Siyo meli, mama. Ni mie. Kamba nilizifunga fupi nikaja huku na sukari. Mafuta ni ya tishari langu."

Bi Somoe alinitazama kuanzia miguuni, polepole, mpaka akafika usoni. Kisha akageuka, akalichana godoro lile kutoka kona mpaka kona. Sauti ya kitambaa kile ninaisikia mpaka leo. Akachukua sufi kwa mikono miwili, akaniwekea kifuani, kwenye kanzu nyeupe ya kuazima.

"Fanya kazi," akasema.

Nikafanya kazi. Mzee Kombo alipita karibu yangu, akasema bila kunitazama, "Fundo la kamba iliyobaki ni lako, nilishaliona. Nilikuwa nakungoja." Maji yalipogeuka mchana, sehemu kubwa ya oili ilikuwa ndani ya mapipa, sufi ya Zuhura imo humo. Watu wa Temeke waliiomba baadaye wakaipaka nguzo za nyumba dhidi ya mchwa. Ninyi pitieni huko mkiona nguzo nyeusi za kale, huenda mnatazama godoro la bibi yenu.

Kazini niliandikiwa barua ya onyo, nikatolewa kwenye tishari nikapewa reki. Mzee Kombo alikwenda mbele ya kamati ya wafanyakazi, akasema na yeye aandikwe, kwa sababu aliyempanga kijana mchumba kukesha peke yake siku ya mwezi kuandama ni yeye. Wakamwandika. Nililia chooni siku ile, kwa aibu tu.

Lakini hukumu hasa ilitoka Mtoni. Bi Somoe aliniita jioni ya Idi ya pili. Nikaenda nimejiandaa kurudishiwa posa. Akaniacha nimesimama uani.

"Posa sirudishi," akasema. "Ungenyamaza ningeirudisha siku ambayo ningejua, na ningejua tu. Lakini ndoa haifungwi. Siku nitakayokula chaza wa hapa mlangoni kwangu nisisikie mafuta, siku hiyo utaoa. Utawaleta wewe. Nitaonja mie."

Nyie mnaoshikana mikono kwenye mikahawa mtacheka. Mie sikucheka. Kila bamvua, mara mbili kwa mwezi, maji yakipwa nilikuwa tayari mikokoni na makumbi ya nazi. Nafuta mzizi mmoja mmoja, napita juu ya makuti, nakamua, narudia. Mzee Kombo akaja mara ya kwanza nikadhani amekuja kunikagua. Akavua viatu. Akaja kila mara baada ya hapo, wala hatukuwahi kulizungumza. Nikimaliza, nabandua chaza wachache, nawapeleka kwa Bi Somoe. Anawachemsha maji matupu, anakaa kigodani, anatafuna mmoja, anatema kwenye kiganja.

"Bado."

Bamvua la pili, bado. La tatu, bado. Zuhura siku moja alinidaka kwenye kona ya nyumba ninapotoka, kashika kiuno. "Hivi unanioa mie au unamwoa mama? Maana mnaonana nyie wawili tu, mie nimekaa ndani kama ndoo!" Nikarudi nyuma hatua moja. Mwili mzima ulikuwa unanuka oili.

Masika yakaja yakapita. Bi Somoe alikuwa anauza maandazi badala ya chaza, na hakuna aliyependa maandazi yake, hata yeye mwenyewe. Ndipo akaja mjomba wa Zuhura kutoka Rufiji. Alikuwa amepata habari za karani mmoja, mtu mwenye baiskeli na nyumba ya bati, anayemtaka binti. Mjomba akakaa barazani, mkongojo katikati ya magoti, akasema mbele yangu: siku ya ndoa itajwe leo, ama posa ya huyu mwosha mizizi irudi leo. Na kweli alikuwa na haki. Binti wa watu hakai akingoja chaza.

Nilikuwa nimekuja na bakuli langu kama kawaida. Bi Somoe akalipokea. Akachemsha. Tukangoja wote. Akatia chaza mmoja mdomoni, akatafuna. Akatafuna muda mrefu kuliko siku zote. Pazia la chumbani lilikuwa limetulia, nikajua Zuhura yuko nyuma yake kabana pumzi.

Bi Somoe akameza.

"Haya," akasema. "Wako safi. Tajeni siku."

Mjomba akasema alhamdulillahi. Mie nilipaswa kurukaruka, sivyo? Lakini nilikuwa nimeyatazama macho ya yule mama. Yalikuwa yanatoka machozi kidogo, na hayakuwa ya furaha, yalikuwa yale ya mtu aliyemeza kitu kwa nguvu. Na mie chaza wale nilikuwa nimewabandua kwenye mizizi ya upande wa juu, ambako nilikuwa sijamaliza kufuta. Sijui nini kilinipata. Nikanyoosha mkono, nikachukua chaza kwenye bakuli la mama mkwe wangu, nikatia mdomoni, mbele yake, mbele ya mjomba.

Mjomba akasema, "Lahaula!" Mkongojo ukamwanguka.

Nikatafuna. Mafuta yalikuwepo. Kidogo sana, nyuma ya ulimi, mwishoni kabisa, kama harufu ya kibatari kilichozimwa chumba cha pili. Lakini yalikuwepo.

Ningeweza kumeza. Mama mwenyewe ameshasema safi, nani angeniuliza? Zuhura angekuwa wangu wiki ile. Na yule mama angerudi sokoni na chaza wale, watu wangeonja mara moja, wasingerudi tena, na yeye asingesema neno.

"Bado, mama," nikasema.

Mjomba akasimama. "Huyu ana akili timamu kweli? Anakataa mke?" Bi Somoe alikuwa ananitazama mie, mdomo wangu unaotafuna.

"Umekula mbele yangu," akasema.

"Ndiyo, mama. Nisamehe."

"Kaa chini basi. Unakula umesimama kama jogoo." Akanisogezea kigoda chake mwenyewe. Kisha akamgeukia ndugu yake. "Ndoa itangoja. Na karani mwambie apande baiskeli yake aende."

"Na mie siulizwi?" Pazia likafunguka pwaa. Zuhura huyo, macho mekundu. "Nimengoja masika yote. Nitangoja mabamvua mawili mengine. La tatu singoji, nitakwenda kuifuta hiyo mizizi mwenyewe nijioe!"

Hakungoja hata la kwanza. Bamvua lililofuata tulishuka watatu, yeye, mie na Mzee Kombo, na Bi Somoe amekaa juu anatuonyesha kwa kidole tulikoruka.

Sasa mnaelewa kwa nini picha yenu ilinikaa vibaya. Chupa mmeziokota, ahsanteni, mmefanya kazi. Lakini ukisema kazi imekwisha uwe umekwenda mpaka upande wa juu, ule ambao hautokei kwenye picha. Mie nilifanya kazi ile mpaka nikastaafu, nikawa serahangi mwenyewe, vikaja vitabu vya kuonyesha maji yatajaa saa ngapi, bado niliandika mwezi kwa chaki mlangoni. Na usiku wa kuamkia Idi nilikesha mie na kamba, kila mwaka, vijana wangu nikawapa ruhusa waende kwao na sukari zao.

Siku ya ndoa hatukuwa na godoro. Kulikuwa na mkeka mpya, na Zuhura amenikumbusha mkeka huo kila tulipogombana kwa muda wote wa maisha yetu. Shehe alikuwa ameshakaa, kitabu kimefunguliwa, mjomba wa Rufiji amevaa koti. Mara Bi Somoe akatokea mlangoni na bakuli, akapita katikati ya wanaume wote bila kuomba njia, akanisimamia.

"Leo sionji mie," akasema. "Onja wewe. Ukisema bado, watu hawa watakula pilau waende zao."

Mzee Kombo alikuwa ubavuni kwangu, akafumba macho. Nikachukua chaza, nikatafuna taratibu, nikayatafuta mafuta kila pembe ya mdomo, mbele ya ulimi, nyuma ya ulimi, mpaka koo. Nikatafuta tena.

"Sema basi!" Zuhura akaita kutoka ndani.

"Mama," nikasema, "chumvi imepungua."

Bi Somoe akapiga kigelegele kilichosikika mpaka ng'ambo ya mto.